CHOMBO CHA SUMU HAKIRUDI JIKONI
Somo kwa Walimu, Wazazi na Kamati za Skuli



Mtoto anapovuka lango la skuli asubuhi huwa ni amana mikononi mwa watu wazima waliomo humo. Amana hiyo si ya kufunzwa kusoma na kuandika tu, bali pia ya kurudishwa kwa wazee wake akiwa mzima. Somo letu la leo linahusu kemikali za sumu zinazowekwa mahali pasipo pake, ndani ya vyombo visivyo vyake.

YALIYOTOKEA BIHAR

Tarehe 16 Julai, 2013, katika skuli ya msingi ya kijiji cha Gandaman, Wilaya ya Saran, Jimbo la Bihar nchini India, watoto walipewa chakula cha mchana kilichopikwa hapo skuli. Baadhi yao walilalamika kwamba chakula kina ladha mbaya. Mpishi naye alikuwa ameyatilia shaka mafuta ya kupikia. Juu ya hayo, chakula kiliendelea kugawiwa. Haukupita muda mrefu watoto wakaanza kutapika na kushikwa na maumivu ya tumbo. Watoto 23 walifariki dunia.

Uchunguzi wa maabara ulionesha kwamba mafuta yale yalikuwa na monokrotofosi, dawa kali ya kuulia wadudu wa mashambani. Maofisa walieleza kwamba inaelekea mafuta yalitiwa ndani ya chombo kilichowahi kuwa na dawa hiyo. Mwalimu mkuu alishtakiwa, na mwaka 2016 mahkama ilimhukumu kifungo. Baada ya msiba huo, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliyahimiza mataifa yanayoendelea kuharakisha kuziondoa sokoni dawa za namna hiyo.

Inafaa tuzingatie kwamba onyo lilitolewa mara mbili: kwanza na mpishi, kisha na watoto wenyewe. Lau neno lao lingesikilizwa, sufuria ingemwagwa na watoto wangebaki na njaa ya siku moja.

SUMU HUFANYAJE KAZI?

Monokrotofosi ni miongoni mwa dawa za kundi la oganofosfeti. Mwilini mwa mwanaadamu mna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuuzima ujumbe wa mishipa ya fahamu pindi unapofika kwenye msuli. Dawa hizi hukizuia kimeng'enya hicho, na ujumbe ukawa hauzimiki. Hapo ndipo mgonjwa anapotokwa na mate, machozi na jasho jingi, mboni za macho zikawa ndogo, akatapika na kuharisha, misuli ikatetemeka, na hatimaye pumzi ikakatika. Sumu hiyo huingia kwa mdomo, kwa pumzi na hata kwa ngozi.

Mtoto hudhurika upesi kuliko mtu mzima. Mwili wake ni mdogo, na kwa kulinganisha na uzito wake hula, hunywa na huvuta hewa nyingi zaidi. Aidha, viungo vyake bado vinakua, na mkono wake haukai mbali na mdomo.

Wako wanaodhani kwamba dumu la dawa likioshwa kwa sabuni na maji ya moto huwa salama. Dhana hiyo si sahihi. Plastiki hufyonza dawa, na kidogo kidogo huirejesha ndani ya maji au mafuta yatakayotiwa humo. Kusuuza mara tatu kunakoelekezwa na wataalamu wa kilimo ni kwa ajili ya kuliondoa dumu katika matumizi, si kulipeleka jikoni.

YATUPASAYO KUTENDA

(a) Dumu au chupa ya dawa isitiwe kamwe maji, mafuta wala chakula. Ikishasuuzwa itobolewe, ili asiweze mwengine kuiokota na kuitumia.

(b) Mafuta ya taa, tindikali na dawa ya kusafishia vyoo visitiwe katika chupa za soda au za maji ya kunywa. Mtoto huijua chupa kwa umbo lake, hasomi kilichomo.

(c) Kemikali za maabara na dawa za bustani ya skuli zifungiwe kwa kufuli, mbali na ghala la chakula, kila chupa ikiwa na jina lake. Isiyo na jina isikisiwe wala isinuswe, wataalamu waarifiwe.

(d) Watoto wafundishwe kuitambua alama ya fuvu la kichwa na mifupa miwili, wala wasitumwe kupiga dawa au kuosha mabomba yake.

(e) Mafuta ya kupikia yanunuliwe yakiwa katika chombo chake. Mtu mzima aonje chakula kabla ya watoto. Mpishi akitia shaka, au mtoto akisema chakula kina ladha ngeni, ugawaji usimame hapo hapo, bila ya kumkemea aliyesema.

AJALI IKITOKEA

Mgonjwa akimbizwe hospitali bila ya kuchelewa. Asilazimishwe kutapika, hasa aliyekunywa mafuta ya taa au tindikali, kwani mafuta ya taa huweza kuingia mapafuni, na tindikali huunguza koo mara ya pili. Nguo zilizoingia dawa zivuliwe na ngozi ioshwe kwa maji mengi na sabuni. Chupa au karatasi yake ichukuliwe ili daktari aione, kwani tiba hutegemea aina ya sumu.

Ndugu wananchi, kufuli, kibandiko cha jina na sikio la kumsikiliza mpishi si mambo ya gharama kubwa. Kila kamati ya skuli ianze kwa kulikagua ghala lake wiki hii. Tahadhari kabla ya hatari.