Kuongeza bidii kwa Kiingereza cha kazini

Swali: Bosi wangu hutumia "step up", "ramp up" na "knuckle down". Kamusi inaonyesha zote ni kuongeza juhudi. Nizikariri vipi?

Jibu: Usizikariri kwa orodha, kwa sababu orodha huficha kinachozitofautisha: nini hasa kinaongezwa. "Ramp up" hufuatwa na jambo linalopimika, kama uzalishaji: "We must ramp up production." "Knuckle down" humhusu mtu anayeacha uzembe na kuikabili kazi, nayo kazi hutanguliwa na "to": "Knuckle down to the report." "Step up" ina sura mbili. Ikiwa na yambwa, kama "step up patrols", ni kuzidisha. Ikisimama peke yake, mara nyingi ni kujitokeza kubeba jukumu.

Wapo watakaosema "increase" na "work harder" zinatosha. Katika ripoti rasmi, hoja hiyo ina uzito. Lakini kikaoni huchagui utakachoambiwa. Usipotofautisha, utaongeza saa za kazi pale ulipotakiwa kushika uongozi. Chukua kitenzi kimoja, kitungie sentensi kamili ya kazi yako mwenyewe, kisha kitumie kabla ya kuhamia kingine.