Katikati ya Namba Mbili: Hesabu ya Kugawanya Shamba

Ninyi mlimao karibu na Ruashi mmekwisha kuona magomvi ya mpaka. Shamba la baba lagawanywa kwa watoto wawili, kila mmoja apima kwa miguu yake, na baada ya siku chache kigingi cha katikati chaonekana kimehama. Basi kabla ya mvua za mwezi wa Novemba, wakati ardhi ingali wazi, jifunzeni hesabu hii.

Tuseme shamba lenye upana mmoja li kando ya njia. Mtu mmoja, yeye peke yake, ahesabu hatua tangu mwembe ulio mwanzo wa njia. Kigingi cha kwanza ki penye hatua ya 18, cha mwisho penye hatua ya 64. Katikati ni wapi?

Wengi hujibu upesi: nusu ya 64 ni 32. Hapana. Wamesahau ya kuwa shamba halianzi penye mwembe. Tangu 18 mpaka 32 ni hatua 14, na tangu 32 mpaka 64 ni hatua 32. Mmoja amenyang'anywa.

Wengine hutoa 18 katika 64, wakapata 46. Nusu yake ni 23. Nao hupiga kigingi penye hatua ya 23. Kosa hili ladanganya zaidi, maana 23 ni hesabu ya kweli. Lakini ni urefu wa kila fungu, si mahali pa kigingi. Imewapasa kwenda hatua 23 tangu kigingi cha kwanza: 18 na 23 ni 41. Hapo ndipo katikati.

Iko njia fupi. Jumlisheni namba mbili, kisha kateni nusu: 18 na 64 ni 82, nusu yake ni 41. Kwa nini yafaa? Wawekeni watoto wawili, mmoja penye 18, mwingine penye 64. Kila mmoja apige hatua moja kumwendea mwenziwe. Sasa wako 19 na 63. Jumla ni 82. Tena: 20 na 62, jumla ni 82. Huyu aongeza moja, yule apunguza moja, jumla haigeuki. Watakapokutana watakuwa penye namba moja, na namba hiyo mara mbili ni 82.

Jumla isipogawanyika sawasawa, msiitupe nusu. Mistari ya mahindi ikiwa penye sentimeta 75 na 150, mstari wa maharagwe katikati yake ni penye 112 na nusu.

Mtu atasema: mimi nakunja kamba mara mbili, yatosha. Ni kweli, kamba ni nzuri. Lakini katika nchi yetu vichuguu ni vikubwa kama nyumba, na kamba haipiti ndani yake. Hapo hesabuni kando ya njia.

Sokoni jihadharini. Muuzaji ataka franka 6,000, ninyi mwatoa 4,000. Katikati ni 5,000. Lakini muuzaji mwerevu ajua mtakutana katikati, kwa hiyo aanza na 8,000, na katikati yenu yawa 6,000. Hesabu ni safi; namba ya kwanza ndiyo mbovu.

Na katika shamba ni vivyo hivyo. Hapa udongo haufanani. Mnajua mlima wa Kalukuluku, yaani mgodi wa Étoile, ambao Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuuchimba mwaka 1911. Penye shaba nyingi udongoni miti haikui, na mahindi hudhoofika. Huko huota ua la shaba, ambalo wataalamu huliita Haumaniastrum katangense. Mkiliona limejaa mahali pamoja, yatazameni na mahindi ya mwaka uliopita mahali pale.

Ikiwa tangu hatua ya 18 mpaka 28 hapazai kitu, msipige kigingi penye 41. Anzeni kuhesabu penye 28: 28 na 64 ni 92, nusu yake ni 46. Mmoja atapata hatua 18 nzuri pamoja na zile 10 mbovu, mwenziwe atapata 18 nzuri. Pigeni kigingi mchana, wote wawili wakiwapo, na jirani mmoja akitazama.