Mdogo Wangu, Niulize Saa Kwanza

Kila likizo ikikaribia mnaniuliza lile lile, nyie mnaovuka na boti kuja Unguja: "Dada, tukale wapi?" Mimi ningependa mniulize saa ngapi. Mji Mkongwe kila chakula kina wakati wake, na wageni wengi hufika mahali penyewe hasa, ila saa siyo. Mtu anakwenda Forodhani saa saba mchana, anakuta bustani na bahari, kisha anarudi kwao Morogoro akisema Zanzibar hakuna kitu.

Basi nisikilize, mdogo wangu. Asubuhi toka uelekee Mkunazini au Darajani, uingie mgahawa uliojaa watu wanaowahi kazini. Chai, chapati, maharage ya nazi. Ukiuona mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui wenye harufu ya iliki, chukua kipande hata kama umeshiba.

Mchana nenda mgahawa wa Lukmaan, pale Mkunazini. Najua utaniambia watalii wamejaa. Wamejaa kweli, lakini na wenyeji wamo. Usikae ukangoja menyu. Ingia mpaka kwenye kaunta, tazama vyakula kwa macho yako, onyesha unachotaka. Pweza wa nazi akiwepo, usihangaike na kingine. Wahi, kwa sababu ukifika saa tisa utakula kilichobaki. Na kama ni Ijumaa, ujue watu wako msikitini na maduka mengi yamefungwa, kwa hiyo usiwe na pupa.

Alasiri ndiyo saa ya urojo, na hapa nitakaa kidogo maana wa Bara mnautania sana. Mchuzi wake ni wa unga wa ngano, mwepesi, wa manjano, wenye uchachu wa embe mbichi au ndimu. Humo ndani mna viazi, bajia, kachori, mshikaki, yai ukitaka, halafu chatini ya nazi na pilipili. Juu kabisa hunyunyizwa chipsi za muhogo, nyembamba, kavu. Zile chipsi ndizo za kukimbizana nazo: ule kabla hazijalowa, kisha ndipo upige picha bakuli tupu. Usimwambie muuzaji apunguze uchachu, maana bila huo unakunywa uji. Pilipili mwombe kidogo, nawe ujue kidogo ya Unguja si kidogo ya Dodoma. Utamjuaje muuzaji mzuri? Tazama kama majirani wanakuja na vyombo vyao kutoka nyumbani. Mtu hatoki na bakuli lake mpaka awe na imani.

Ukimaliza, pita kijiwe cha Jaws Corner unywe kahawa. Ni chungu, haina sukari, inakuja kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono. Utamu utautafuta kwenye kashata. Barazani utawakuta wanaume na dhumna na siasa. Wasichana mnaniuliza kama mnaruhusiwa kukaa. Kaeni, baraza si la mtu. Jistirini mabega na magoti, toeni salamu kwanza, na siasa zao zisikilizeni tu, msichangie.

Magharibi ikishaingia, sasa nenda Forodhani. Bustani ilikarabatiwa ikafunguliwa upya 2009, inapendeza. Utaona meza zimepangwa kamba, pweza na papa kwenye vijiti, zinang'aa chini ya taa. Mimi huzipita. Nyingi zimeshapikwa, wewe utapashiwa tu, na bei hupanda ukionekana mgeni. Ukizitamani, ulizia bei ya kila kijiti kabla sahani haijajaa. Mimi nakushauri kinachopikwa mbele yako: mishikaki, au piza ya Zanzibar, ambayo haina undugu wowote na ya Italia. Ni unga uliotandazwa kama chapati, ukajazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, ukakunjwa na kukaangwa. Teremshia na juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu; kama tumbo lako ni la kudeka, sema usitiliwe barafu.

Wanaotaka bia, hoteli zipo. Africa House, iliyokuwa klabu ya Waingereza, ina roshani ya kutazamia jua likizama. Mimi simchungi mtu, ila usitoke na chupa mkononi ukapita nayo mitaani.

Na kabla hujakata tiketi, tazama kama mwezi wa Ramadhani umeingia. Migahawa mingi hufungwa mchana, na kula njiani ni kukosa adabu, hata kama hufungi. Lakini ukialikwa futari nyumbani kwa mtu, ahirisha mengine yote: muhogo wa nazi, ndizi, tambi, kaimati. Beba tende au matunda, na ufike kabla ya adhana.