Kabla Hujanunua Mashine ya Kukereza Chuma

Siku hizi hapa chuoni kila mjadala wa ajira unaishia kwenye neno moja: jiajiri. Wengine wanasema kuku, wengine saluni, wengine uwakala wa pesa. Jamaa wachache, hasa waliopitia shule za ufundi, wanataja karakana ya nyumbani: mashine ya kuchomelea, grinda, na ikiwezekana mashine ndogo ya kukereza chuma. Wazo ni zuri. Tatizo ni kwamba tunahesabu bei ya mashine tu, kana kwamba ukishaitoa kwenye boksi na kuichomeka kwenye umeme, kazi imeanza.

Hoja yangu ni hii: mashine ya kukereza haiji na usahihi wake. Usahihi anauweka mtu, kwa namna anavyoifunga, anavyoipima na anavyoiendesha. Asiyejua hilo atatoa vyuma visivyoingiana, wateja watamkimbia, na boom aliyojinyima miaka mitatu itakuwa imekwenda na maji.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Mimi natoka Ubena Zomozi, barabara ya Morogoro, ukishapita Chalinze. Kwetu watu wanategemea mashine za kusaga, pampu za maji, bodaboda na maguta. Kitu kimoja kidogo kikilika, iwe bushi, pini au spesa ya puli, shughuli inasimama. Mwenye mashine anapanda gari kwenda Chalinze au Morogoro kutafuta fundi, na akina mama wanabeba mahindi kichwani kutafuta pa kusagia. Ukiangalia kilichosababisha yote hayo, ni kipande cha chuma unachoweza kukificha kwenye ngumi.

Vipande vya aina hiyo ndivyo mashine ndogo inavyoviweza. Mashine ya mezani inayouzwa sana inapokea chuma chenye kipenyo cha hadi milimita 180 juu ya reli zake, ina nafasi ya milimita 350 hivi kwa urefu, uzito wa kilo 40 na mota ya wati 550. Shafti ndefu ya mashine ya kusaga haiingii humo, na usimdanganye mteja kwamba inaingia. Bushi, pini na spesa zinaingia bila shida. Upande wa umeme, mota hiyo ikifanya kazi kwa nguvu zake zote saa mbili, inakula uniti 1.1 tu za LUKU.

Inavyofanya kazi

Neno kukereza si geni pwani. Maseremala walikereza miguu ya vitanda na viti tangu zamani. Kwenye drili kifaa ndicho kinachozunguka na chuma kimetulia. Hapa ni kinyume: chuma kimebanwa kwenye kishikio chenye meno matatu na kinazunguka, kisu kinasogezwa taratibu kukimenya. Mwingereza Henry Maudslay, karibu na mwaka 1800, alitengeneza mashine ambayo kisu chake kilisogezwa na skrubu ndefu badala ya kushikwa kwa mkono. Kuanzia hapo ikawezekana kukata bolti na nati zinazofanana, moja baada ya nyingine.

Hatua ya kwanza: meza na pima maji

Meza iwe nzito na isiyotikisika. Meza ya mbao nyembamba itatetema, na mtetemo wote utaonekana kwenye chuma kama mistari. Ifunge meza sakafuni, kisha ifunge mashine juu ya meza kwa bolti, lakini usikaze mpaka mwisho kwanza. Weka pima maji kwa urefu wa reli, halafu kwa upana, upande wa kishikio na upande wa mwisho. Hiyo ya upana ndiyo muhimu zaidi. Mashine ikikaa imeinama kidogo nzima nzima haina neno. Reli zikijipinda, yaani ncha moja imeegemea mbele na nyingine nyuma, hapo kisu hakitakwenda sambamba na chuma.

Pima maji ya fundi ujenzi haitoshi kukuambia yote, kwa hiyo fanya jaribio. Chukua nondo nene laini, milimita 25 au zaidi, ibane ichomoze milimita 150. Punguza katikati ili zibaki pete mbili, moja karibu na kishikio na nyingine mwishoni. Kereza pete zote mbili kwa mkato mwembamba sana bila kubadilisha kisu, kisha pima kwa maikromita. Vipimo vikilingana, umefuzu. Pete ya mwisho ikiwa nene kuliko ile ya karibu, inua kidogo mguu wa mbele, ule ulio upande wako, kwenye ncha ya mbali na kishikio. Ikiwa nyembamba, inua wa nyuma. Kipande cha kopo la soda, chenye unene wa karibu 0.1 mm, kinafaa kuwekwa chini ya mguu. Kaza, kereza tena, pima tena. Inaweza kukuchukua siku nzima, na siku hiyo si ya kuionea uchungu.

Hatua ya pili: urefu wa kisu

Ncha ya kisu lazima iwe sawasawa na kitovu cha chuma. Kuna njia rahisi. Mashine ikiwa imezimwa, bana taratibu rula nyembamba ya chuma kati ya ncha ya kisu na nondo ya mviringo. Rula ikisimama wima, kisu kiko sawa. Kichwa cha rula kikikuinamia wewe, kisu kiko chini. Kikiinamia upande wa pili, kisu kiko juu.

Hatua ya tatu: kasi

Hapa ndipo hesabu ya sekondari inapolipa. Chuma laini cha kawaida kwa kisu cha haispidi kinakatwa kwa mwendo wa mita 25 hivi kwa dakika. Ili kupata mizunguko kwa dakika, zidisha mwendo huo kwa 1000, kisha gawanya kwa 3.14 mara kipenyo katika milimita. Nondo ya milimita 20 inatoa karibu mizunguko 400. Ya milimita 40 inatoa karibu 200. Yaani chuma kikinenepa, mashine inapunguzwa. Wengi wanafanya kinyume, wakidhani kitu kikubwa kinataka mbio, kisha wanalalamika kwamba visu vinaisha.

Jambo lingine linalowachanganya wanaoanza: ukisogeza kisu ndani nusu milimita, kipenyo kinapungua milimita nzima, kwa sababu chuma kinamenywa pande zote. Baadhi ya mashine zimeandikwa vipimo vya kipenyo moja kwa moja, baadhi hapana. Jaribu ujue ya kwako.

Kwa bushi ya shafti ya milimita 30, tundu liwe kubwa kuliko shafti kwa 0.03 mm hivi, ambayo ni chini ya unene wa unywele. Ukibana sana itakwama ikipata joto. Ukilegeza sana italika mapema na mteja atarudi akiwa amenuna.

Usalama: hapa hakuna mjadala

Mashine hii ni ndogo lakini haijui mkono wala chuma. Usivae glovu, kwa sababu ikinaswa inavuta na mkono. Mikono mirefu ikunjwe. Ncha za kilemba au hijabu zichomekwe ndani. Kanga, pete, mkufu na saa vibaki nje. Miwani ya kinga ni lazima. Ufunguo wa kishikio usiachwe mahali pake hata sekunde moja, maana ukiwasha unaruka kama jiwe la manati. Nyuzi za chuma zinazotoka huondolewa kwa brashi au ndoano, kamwe si kwa vidole. Na usipime kitu kinachozunguka.

Sisi walimu je?

Mtaala mpya umeleta mkondo wa amali sekondari, ulioanza na baadhi ya shule mwaka 2024. Wengi wetu tutapangiwa shule ambazo wanafunzi wake watatuuliza π inatumika wapi. Kwenye BTP tunawachorea maikromita ubaoni, mwanafunzi ananakili, anafaulu swali, na hajawahi kuishika. Mwalimu aliyewahi kukereza pete mbili na kuzipima ana jibu la swali hilo mkononi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mdogo tu. Kabla ya kununua, nenda ukajifunze. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, inafundisha ufundi huu, na SIDO ipo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Ulizia kozi fupi wakati wa likizo. Au omba kwa fundi wa mtaani ukafagie karakana yake mwezi mmoja, huku macho yakiwa kwenye mikono yake. Mashine ije baadaye.

Zoezi

1. Tafuta mizunguko kwa dakika ya kukereza chuma laini chenye kipenyo cha milimita 50.
2. Nondo ya milimita 32 inatakiwa ifike 30. Kisu kisogezwe ndani jumla ya kiasi gani?
3. Pete ya mwisho imepima 24.86 mm, ya karibu na kishikio 24.80 mm. Utainua mguu upi?

Ukipata 159, milimita moja, na mguu wa mbele wa ncha ya mbali, unaweza kuanza kuulizia bei.