Familia Ufukweni Unguja: Maswali na Majibu juu ya Maji, Bei na Mikasa ya Likizo

Fukwe za Unguja zina tabia mbili. Upande wa mashariki, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Paje na Jambiani, mwamba wa matumbawe umejitenga na nchi kavu na kuacha nyuma yake uwanda mpana wa maji mafupi. Upande wa kaskazini-magharibi, Nungwi na Kendwa, kina huanza karibu na mchanga. Familia nyingi huchagua hoteli kwa picha na bei, na tofauti hii huijua baada ya kufika. Mikasa mingi ya likizo ya pwani huanzia hapo. Mingine hutokana na bei ambayo haikuulizwa mapema.

Kwa nini asubuhi nyingine hakuna bahari ya kuogelea upande wa mashariki?

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaozidi kidogo saa 24, hivyo saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa Unguja hufikia karibu mita 4. Kati ya bamvua moja na nyingine ni siku za maji mafu, ambapo bahari haijai sana wala haitoki mbali.

Lenye manufaa zaidi kwa wenye watoto ni kwamba kila aina ya maji ina saa zake. Siku za bamvua, maji ya Unguja hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Siku za maji mafu hali hugeuka: maji huwa ndani asubuhi na kutoka alasiri. Kwa hiyo hata kalenda ya Kiislamu ya ukutani hutosha kupangia likizo. Siku tatu za kwanza za mwezi, na zile za tarehe 14 hadi 17, ni za bamvua. Tarehe 8 na 22, pamoja na siku zinazozizunguka, ni za maji mafu. Familia inayofika Jambiani wakati wa bamvua hufanya vyema kutembea asubuhi na kuogelea alasiri. Isiyotaka kufuata saa hizi ikae Nungwi au Kendwa, ambako watu huogelea karibu siku nzima.

Kupwa kwenyewe si hasara. Watoto huona kiti cha pweza, kaa na samaki wadogo kwenye madimbwi, na wanawake wa kijijini wakihudumia mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980. Kamba za mwani zimefungwa kwenye vijiti chini ya maji, na kila kamba ni kipato cha mtu. Mzazi awaonyeshe watoto njia ya kupita pembeni, wasizikanyage.

Hatari iko kwenye kurudi. Maji yanapoanza kujaa hayaji kwa mstari mmoja kutoka mwambani. Hujaza kwanza mikondo na mashimo, na yaliyo karibu na nchi kavu huweza kuwa nyuma ya anayetembea. Aliyekwenda mbali na mtoto mdogo anapaswa kugeuka kabla maji hayajaanza kupanda.

Ni msimu gani wenye nafuu ya bei?

Hoteli hushusha bei wakati wa masika, Machi hadi Mei, na baadhi hufunga kabisa Aprili na Mei. Nafuu hiyo haiwafai sana wenye watoto wa shule, kwani likizo kubwa za Tanzania huangukia Juni na Desemba. Desemba ni ghali kuliko miezi yote. Wiki za mwanzo za Juni ndizo zinazofaa zaidi: mvua imekwisha, na umati wa Julai na Agosti haujafika.

Upepo nao uhesabiwe. Kusi, inayovuma katikati ya mwaka, huchafua bahari ya mashariki na kusukuma majani ya baharini ufukweni, huku upande wa magharibi ukiwa shwari zaidi. Kaskazi, Desemba hadi Machi, huleta joto.

Safari ya boti kutoka Dar es Salaam huharibika wapi?

Mara nyingi huharibika kabla ya kupanda. Vishoka wa nje ya bandari huuza tiketi za tarehe nyingine au kwa bei iliyoongezwa. Tiketi inunuliwe ofisini au kwenye mtandao wa kampuni yenyewe. Boti ya kasi hutumia takriban saa mbili. Wakati wa kusi mawimbi huwa makubwa, na dawa ya kichefuchefu hufanya kazi ikinywewa kabla ya kung'oa nanga. Mtoto akishaanza kutapika haimsaidii sana. Viti vya chini, katikati ya chombo, ndivyo vinavyoyumba kidogo.

Bei hupatanwa vipi bila ugomvi wala kupunjwa?

Salamu huja kwanza, na kamili. Kisha mnunuzi huuliza bei katika maduka mawili matatu bila kushika pochi. Mwaka 2025 Tanzania ilitoa kanuni zinazokataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, hivyo anayeambiwa bei kwa dola ana haki ya kuiomba kwa shilingi. Sharti moja la soko wageni wengi hawalijui: mnunuzi akitaja bei na muuzaji akaikubali, biashara imekwisha. Kuondoka baada ya hapo ni utovu wa adabu, na hasira inayofuata ni halali. Asiye na nia ya kununua asitaje bei.

Papasi, vijana wanaofuata wageni mitaani na ufukweni, hulipwa kamisheni na maduka wanakowapeleka, na kamisheni hiyo huongezwa kwenye bei. Kukataa kwa upole na uthabiti, mara moja, kunatosha.

Safari za mashua ndizo zenye kutoelewana zaidi. Maswali manne yaulizwe kabla ya kulipa: bei ni ya chombo kizima au ya kila kichwa, chakula kimo au hakimo, ada ya hifadhi ya bahari italipwa na nani, na je, kuna jaketi okozi zinazowatosha watoto? Jaketi la mtu mzima humchopoka mtoto akiwa majini. Chombo kisicho na la saizi yake kiachwe, hata kama bei ni nusu.

Ni bidhaa gani zenye thamani ya kweli, na zipi ni mtego?

Viungo vinunuliwe Darajani, soko lililojengwa mwaka 1904, na vipimwe kwenye mizani. Vikapu vidogo vilivyopambwa kwa ajili ya watalii huwa na bidhaa kidogo kwa bei kubwa. Vizima ni bora kuliko vilivyosagwa, kwa kuwa unga hupoteza harufu upesi na ni rahisi kuuchanganya. Karafuu nzuri hutoa mafuta ikibanwa kwa ukucha. Unga wa karafuu wa bei ya chini ajabu huenda ukawa na makonyo mengi, yaani vikonyo vilivyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa.

Zafarani haizalishwi Unguja. Nyingi ya duniani hutoka Iran, nayo ni ghali popote inapouzwa. Inayouzwa kwa bei ya manjano si zafarani. Ya kweli, ikitiwa kwenye maji ya vuguvugu, hutoa rangi polepole na uzi wake hubaki mwekundu; ya bandia humwaga rangi mara moja na kubaki nyeupe.

Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili visivyokatwa. Mgeni huuziwa kipande kimoja kwa bei ya doti nzima, basi kitambaa kikunjuliwe chote kabla ya kulipa. Nyingi huchapishwa India au Tanzania Bara, na mwenyeji wa Dar es Salaam atazikuta Kariakoo kwa bei ileile au chini yake. Kilicho cha visiwani hasa ni mikoba na mikeka ya ukindu na sabuni za mwani. Hivi ndivyo vinavyostahili fedha ya familia, tena vikinunuliwa kwa wanawake wanaovitengeneza. Tanzanaiti huchimbwa Mererani tu, mkoani Manyara. Inayotembezwa ufukweni ndani ya karatasi isinunuliwe kabisa.

Je, hina na piko ni salama kwa watoto?

Hina ya majani ni salama kwa wengi, na rangi yake ni ya kahawia iliyoelekea wekundu. Piko nyeusi ni jambo jingine. Hutengenezwa kwa dawa ya kutia nywele rangi, yenye kemikali iitwayo PPD, ambayo huweza kuunguza ngozi na kuacha malengelenge na kovu. Mwili ukishaikataa mara moja huweza kuikataa maisha yote, hata mtu anapotia nywele rangi ukubwani. Mtoto asipakwe piko, hata ua dogo la kidoleni.

Majeraha ya kawaida hutibiwaje?

Ajali ya kila siku ni kukanyaga viumbe weusi wa baharini wenye miiba mirefu wanaojificha kwenye mawe. Viatu vya mpira huzuia sehemu kubwa ya ajali hizi. Miiba inayoonekana itolewe kwa kibano, na mguu uloweshwe kwenye maji ya moto yanayovumilika. Wenyeji hupaka utomvu wa papai. Kipande kilichozama karibu na kiungo ni kazi ya daktari. Mchomo wa samaki aitwaye taa nao huhitaji maji ya moto, yasiyozidi nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha hospitali. Aliyeguswa na yavuyavu asisuguliwe kwa mchanga. Asafishwe kwa maji ya bahari.

Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na jua la saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni huunguza ngozi zote, nyeusi pia, hata kukiwa na mawingu. Fulana ya mikono mirefu humkinga mtoto vizuri kuliko mafuta yanayooshwa na maji.

Samaki nao wana sharti lao. Jodari na jamii yake wakikaa bila barafu hujenga sumu ambayo moto hauiondoi. Anayeila huwiva uso, huumwa kichwa na kuwashwa muda mfupi baada ya kula. Ladha ya ukali kama pilipili kwenye samaki asiyetiwa pilipili ni sababu tosha ya kuisukuma sahani pembeni.

Nini hakipaswi kuingia kwenye mzigo wa kurudi?

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006, Kenya 2017 na Tanzania Bara 2019. Risiti za vifaa vya umeme vilivyonunuliwa Unguja zitunzwe, kwani maofisa wa forodha wa Dar es Salaam huweza kuzidai.

Matumbawe, kombe kubwa za baharini na gamba la kasa visinunuliwe wala kuokotwa. Matumbawe magumu na kombe za jamii ya tridakna hulindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na havivuki mpaka bila kibali. Kasa wa baharini wa aina zote wamo kwenye orodha ya kwanza ya mkataba huo, ambayo biashara yake ya kimataifa imekatazwa. Anayekutwa na bangili au kitana cha gamba la kasa uwanja wa ndege hunyang'anywa, na anaweza kushtakiwa.