SOMO LA AFYA: KONGOSHO NA HOMA ZA KUTOKWA DAMU



Mwezi uliopita, usiku, mtoto mmoja wa mwaka wa tatu alilia katika internati kwa ajili ya tumbo. Alijishika hapa juu, chini ya kifua, akatapika mara mbili. Nilipofika na taa, vitanda vyote vilikuwa vimekwisha kukata hukumu: karuho. Mmoja alisema alimuona akikula andazi barabarani kwa mama fulani. Mwingine akasema hapana, ni Ebola imerudi, na papo hapo akahamisha godoro lake. Mgonjwa mwenyewe akaniuliza: "Yaya, Ebola nayo inaumizaka tumbo hivi?"

Sikuwa na jibu. Muuguzi alikuja, akamchukua, na kesho yake tukajua ni amiba. Lakini swali lake lilibaki na mimi, kwa sababu lilikuwa swali la akili kuliko maneno ya wakubwa wote waliomzunguka. Jibu ni hili: ndiyo, inaumizaka. Na kiungo kimoja kinachoweza kuwa ndani ya maumivu hayo ni kile ambacho sisi wote tulikichora katika daftari ya bioloji, tukakiandika kwa Kifaransa, tukapata pointi zetu, kisha tukakisahau. Ni pankreasi, kwa Kiswahili kongosho.

Kongosho liko nyuma ya mfuko wa chakula, limelala kama jani refu, urefu wake karibu sentimeta 15. Liko na kazi mbili. Ya kwanza ni kutia insulini katika damu ili sukari isipande ovyo. Ya pili ni kutengeneza maji ya kusaga chakula na kuyamwaga katika utumbo mwembamba. Ndani ya maji hayo kuna amilasi inayovunja bugali wetu, lipasi inayovunja mafuta, na tripsini inayovunja nyama na maharagi.

Sasa mjiulize: kongosho lenyewe si nyama? Kwa nini tripsini haililii? Hapa njo pananishangaza sana katika somo hili. Kongosho linatengeneza tripsini ikiwa imelala, haina nguvu bado. Inaamshwa tu ikifika katika utumbo. Lakini kama chembe za kongosho zimeumia, ile dawa ya kusaga inaamka mahali ilipotengenezwa, nalo kongosho linaanza kujisaga lenyewe. Linavimba, maji yanatoka pembeni, maumivu yanaanza juu ya tumbo na kupita mpaka mgongoni, mtu anatapika na hapati nafuu. Huo ndio uvimbe wa kongosho. Mara nyingi unaletwa na vijiwe vya nyongo ao pombe kali. Lakini virusi pia vinaweza kuuleta.

Homa za kutokwa damu si ugonjwa mmoja. Ni jamaa kubwa: Ebola, Marburg, Lassa, homa za Hanta za kule Korea, China na Ulaya, tena ile inayobeba jina la nchi yetu, Krimea-Kongo, ambayo kirusi chake kilipatikana kwa mgonjwa wa Kisangani mwaka 1956, wakati mji ungali ukiitwa Stanleyville. (Hii inaletwa na kupe wa ng'ombe. Wenzetu wanaochunga, mjue.) Waganga wameandika juu ya wagonjwa wa Hanta na wa Krimea-Kongo waliovimba kongosho kweli kweli. Hata dengi, ikiwa kali, inaweza kufanya hivyo. Kwa Ebola na Marburg, wagonjwa wengine walipimwa damu na amilasi ikakutwa imepanda kupita kipimo.

Virusi vinafikaje huko? Njia ni zaidi ya moja. Kirusi kinaweza kuingia katika chembe za kongosho chenyewe. Ao mwili, ukipigana na kirusi, unamwaga vitu vikali katika damu mpaka vinaumiza viungo vyake wenyewe. Ao tena mishipa midogo inaanza kuvuja, mgonjwa anahara na kutapika lita nyingi, damu inapungua nguvu, na kongosho linakosa damu ya kulilisha. Mara nyingi njia hizi zinaandamana pamoja. Lakini tusikosee: si kongosho linaloua wagonjwa wengi wa Ebola. Wanakufa kwa sababu maji yamewaishia na viungo vingi vimesimama pamoja, figo, ini, na vingine. Kongosho ni mmoja katika kundi la walioumizwa.

Sasa ugumu. Mwanafunzi wa mwaka wa sita biokimia atainua mkono na kusema: basi mpime amilasi, ikiwa juu, kongosho limevimba. Hapana, ndugu. Amilasi inatoka pia katika matezi ya mate. Tena figo ndizo zinazoisaidia kutoka mwilini, na katika Ebola figo mara nyingi zinashindwa. Basi amilasi inaweza kupanda na kongosho liko salama. Lipasi inasema kweli zaidi, ingawa figo mbovu zinaweza kuipandisha kidogo nayo. Kwa hiyo waganga wamewekeana kanuni: wanatafuta mambo matatu, nayo mawili yakipatikana wanakubali. Maumivu yenyewe ya namna ile. Amilasi ao lipasi iliyopita mara tatu ya kipimo cha juu cha mtu mzima wa afya. Na picha inayoonyesha kongosho lililovimba. Lakini mtu wa Ebola huwezi kumtembeza kwa skana ya mji mwingine. Mashini ndogo ya ekografi inaweza kuingizwa kwake, basi.

Mkitaka kujua kwa nini maumivu ya tumbo si jambo dogo, mkumbuke Kikwit, 1995. Fundi mmoja wa laboratuari aliugua. Tumbo lilimuuma sana, na waganga walidhani utumbo wake umetoboka kwa tifoidi, wazo ambalo munganga yeyote wa nchi yetu angelipata. Wakamfanyia operesheni. Ilikuwa Ebola. Waliomfungua tumbo na waliomtunza wakaanza kuanguka mmoja mmoja, na kati yao masista sita wa Kiitaliano walikufa. Profesa Muyembe aliitwa kutoka Kinshasa, naye alishuku Ebola kwa sababu alikwisha kuiona Yambuku mwaka 1976. Mwishoni walihesabiwa wagonjwa 315, na karibu 250 walikufa. Robo ya wagonjwa walikuwa watu wa kazi ya afya. Sisemi kwamba ya yule fundi ilikuwa kongosho. Nasema tumbo la homa hii linajua kujigeuza sura: leo tifoidi, kesho apandisiti, na kwetu sisi karuho.

Nanyi mnakumbuka ile ya kwetu, kutoka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Tulikuwa wadogo. Maji ya kloro kwenye bariere, termoflashi kwenye paji la uso, na wazee wakisema watu wa Riposti wamekuja kwa pesa. Watu wengi waliugua tumbo, familia ikasema sumu, mgonjwa akapelekwa kwa mtu wa majani siku nne, siku tano. Wagonjwa walikuwa 3470, waliokufa 2287.

Siku hizo ndizo zilizowakosesha wengi uzima. Katika vituo vya huko kulijaribiwa dawa nne, na mwaka 2019 mbili zikashinda. Moja inatokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit. Kati ya waliopewa dawa hizo mbili, wale waliofika na virusi vingi mwilini walikufa wengi bado. Wale waliofika na virusi vichache, karibu 10 tu katika 100 walikufa. Kwa kongosho lenyewe hakuna dawa ya pekee. Wanatia maji kwa serumu pasipo kuchelewa, wanatuliza maumivu, wanapima sukari mara kwa mara kwa sababu inaweza kuanguka ao kupanda, na mgonjwa analishwa kidogo kidogo akiweza kumeza. Munganga akijua kwamba kongosho limo, hashangai sukari ikipanda ghafula.

Kwa hiyo, hapa internati, mimi kama kiongozi wenu naomba hivi. Mtu akiwa na homa na kutapika, tena tumbo linauma ao kwikwi haimwachi, mniamshe, hata ni saa nane za usiku. Matapishi msiyapanguse kwa mikono mitupu; mwache muuguzi aje. Na neno karuho msilitaje mbele ya mgonjwa, kwa maana linamfanya amkimbie muuguzi.

Yule mtoto wa mwaka wa tatu amerudi darasani. Jana aliniuliza tena kama mbuzi naye ana kongosho. Anayo. Siku watakapochinja mbuzi wa mwisho wa mwaka, aje jikoni mapema kabla matumbo hayajaoshwa, nitamwonyesha: karibu na mwanzo wa utumbo mwembamba, rangi yake kama ya waridi iliyofifia.