Dagaa wa Ziwa Tanganyika

Msomaji, yamkini umekula dagaa tangu utoto wako, wala hujauliza hata siku moja maisha yake yalivyo. Yafaa tumjue, kwa maana asiyejua desturi za samaki huyu huweza kumwangamiza kwa mikono yake mwenyewe.

Dagaa wa ziwa hili ni wa aina mbili; leo twamtaja yule mdogo, akaaye mbali na pwani. Ziwa lina kina cha mita 1,470 hivi mahali palipozidi, lakini dagaa hawezi kuishi huko chini, kwa kuwa maji yake hayana hewa. Makao yake ni maji ya juu tu. Huenda makundi makundi, akila vijidudu vidogo sana vya majini. Mchana vijidudu hivyo hushuka penye giza, naye hushuka. Jua likichwa hupanda tena, na mgebuka, adui yake, humfuata. Ndipo wavuvi wa Kigoma huwasha taa zao. Dagaa huvutwa na nuru, hukusanyika chini yake, akainuliwa kwa wavu. Mwezi ukiwa mpevu, nuru ya taa hupungua nguvu. Kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika siku hizo.

Dagaa huyu hukua kufika sentimita 10 hivi, na umri wake ni kama mwaka mmoja tu. Basi mavuvi ya kila mwaka hutegemea watoto waliozaliwa karibuni. Mayai hutagwa mbali katika maji makuu. Watoto wakiisha kuanguliwa husogea karibu na pwani, wakakua huko kwanza, kisha hurudi kilindini.

Hapo ndipo penye shauri letu. Avutaye kokoro ufukoni hukomba watoto wasiozaa bado. Ni sawasawa na mkulima alaye mbegu yake, kisha akangoja mavuno. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilifunga uvuvi wa ziwa hili tangu 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Miezi 3 si michache kwa nyumba isiyo na shamba. Lakini haifai kitu kuvumilia miezi hiyo, kisha kurudi na kokoro.

Ndugu mvuvi, mwache mtoto wa dagaa arudi kilindini. Utamkuta huko usiku, chini ya taa yako, amekwisha kukua.